Matawi ya Mikorosho Yana Wenyewe

Korosho ya mwisho ikishaokotwa na mnada wa mwisho ukishafungwa, mashamba ya kusini hayanyamazi. Kuanzia Januari zinasikika panga, misumeno na hapa na pale chenso. Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea, mpaka Mkuranga kule Pwani, wakulima wanapogoa. Matawi yaliyokauka, yanayoburuza chini, yaliyoingiliana na ya mti wa jirani, na yale machipukizi mororo yanayoota katikati ya mti penye kivuli, yote yanashushwa. Yanalala hapo hapo mvua ikiyapiga. Mvua zikikatika, majani yakishakauka mpaka yanalia yakikanyagwa, mtu anakuja na kiberiti.

Moshi huo kwa muda mrefu niliuhesabu kuwa sehemu ya msimu, kama vumbi la salfa, dawa tunayoipulizia mikorosho, mwezi Julai au harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, mwezi Novemba. Siku hizi unaniuma. Na wapo wengi wanaotaka uzimwe, nami ninaungana nao. Wanasema taka ni mali: matawi yachomwe kuwa mkaa, mkaa usagwe na kufinyangwa kuwa mkaa mbadala, uuzwe mjini, vijana wapate kazi na misitu ipumzike. Lakini mazungumzo ya namna hii karibu kila mara yanaanzia sokoni: haya yatauzwaje, na kwa nani? Sisikii mtu akiuliza kwanza haya ni ya nani. Kitu kikishaitwa taka kinakuwa hakina mwenyewe, na anayekuja kukizoa anashukuriwa. Matawi ya mikorosho yana wenyewe wawili waliotangulia kabla ya mfanyabiashara yeyote. Wa kwanza ni udongo ulioyaotesha. Wa pili ni mwanamke ambaye mafiga yake yanawaka kwa kuni hizo.

Nianze na udongo, kwa sababu unadai sana na hauna wa kuusemea.

Mkorosho uliletwa pwani yetu na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho ghafi; msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei kwa mkulima ilikuwa mbaya. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa na kuyaacha mashamba yao mbali. Kisha ukaja ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ulioshika kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Haya mawili ya mwisho yalisaidiana kutuangamiza, maana shamba lililoachwa halipogolewi. Mikorosho ilifumana juu, ndani kukawa na giza na unyevu, na machipukizi ya kivulini yakawa makazi ya ukungu kati ya msimu na msimu. Ndiyo maana wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wanahimiza kupogoa mpaka leo, na wanashauri nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti 28 kwa ekari.

Kutokana na kumbukumbu hiyo chungu, wakulima wengi wanaamini kwamba tawi lililokatwa lazima lichomwe kwa kuwa limebeba ugonjwa. Imani hii inachochea sehemu kubwa ya ule moshi, na kwa upande wa ubwiri unga haina msingi. Ukungu huu unaishi kwenye tishu hai peke yake. Unalinyonya chipukizi likiwa bichi. Chipukizi likinyauka, nao umekwisha. Panga limeshamaliza kazi. Kiberiti kinakuja kuua kilichokwisha kufa.

Moto unachukua nini? Nitrojeni inapaa karibu yote. Kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi kwa sehemu kubwa zinabaki kwenye majivu, lakini majivu hayo yamelundikana mahali pamoja, juu ya mchanga, wakati wa kusi. Upepo unakula sehemu yake, mvua ya kwanza inakula iliyobaki, na miti 27 kati ya ile 28 ya ekari haikuonja kitu.

Udongo wenyewe hauna akiba ya kuchezea. Uwanda wa Makonde na mashamba mengi ya kusini ni mchanga mwepesi, wenye tindikali kwa asili, na juu yake tumepuliza salfa miaka nenda miaka rudi ili kuukabili ubwiri unga. Salfa ya unga haiishii kwenye maua. Nyingi inaangukia chini, ambako bakteria wanaigeuza kuwa asidi. Watafiti walishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba udongo chini ya mikorosho inayopulizwa salfa kusini mwa Tanzania unazidi kuwa na tindikali. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa asidi inahitaji takriban kilo tatu za chokaa ili itulizwe. Tunajua bei ya salfa na tunajua siku ya mgao wake. Malori ya chokaa yanayopanda Newala kwa ajili ya mikorosho, mimi sijayaona.

Sisemi salfa iachwe. Bila dawa, maua yanakauka na mkulima anabaki na majani. Ninachosema ni kwamba chokaa pekee aliyonayo mkulima bila kuinunua imo ndani ya majani, magome na vitawi vya mikorosho yake. Haitoshi kulipa deni lote. Lakini hiyo hiyo kidogo ndiyo tunayoiwasha moto kila mwaka.

Virutubisho havikai sawasawa katika mti. Vimejaa kwenye majani, magome na vitawi vyembamba, na gogo nene kwa ndani lina kaboni nyingi na virutubisho haba. Hapo mgawanyo wa haki unapatikana bila ugomvi. Chochote chembamba kuliko kidole gumba, pamoja na majani yake, kibaki shambani. Kinene kiende jikoni, na kikizidi ndipo tuzungumze biashara.

Nalijua jibu la mkulima, na ni jibu zito. Korosho haichumwi mtini. Inaanguka na bibo lake na inaokotwa chini, na ndiyo maana ifikapo Septemba chini ya kila mkorosho panafagiliwa pakang'ara kama ua. Mama anayeinama kuokota tangu alfajiri, ukimwambia atandaze matawi chini ya mti, atajua hujawahi kuokota hata debe moja. Tena matandazo makavu mwezi Agosti ni hatari: moto wa mtu anayesafisha shamba la jirani ukivuka mpaka, miti ya miaka 30 inateketea mchana mmoja. Kuna na mchwa pia. Ushauri wowote usiojibu mambo haya matatu haufai kupelekwa kijijini.

Jibu lipo kwenye nafasi na kwenye kalenda. Katika shamba lililopogolewa vizuri, katikati ya mistari kuna ukanda ambao korosho haziangukii kwa wingi. Matawi membamba yakatwekatwe kwa panga mara tu yanaposhushwa, Januari mpaka Machi, yangali mabichi na mvua ingalipo, kisha yalazwe katika ukanda huo kukingama na mteremko. Yakilazwa wakati huo yanapata miezi ya unyevu kabla ya kiangazi. Majani yanaoza, vitawi vinalainika, na kinachobaki Agosti si lundo la kuwashia moto. Kufyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba kunabaki kuwa lazima kama zamani. Na huyo mchwa tunayemwogopa ndiye fundi mkubwa wa kuugeuza mti kuwa udongo katika nchi zetu. Asogezwe mbali na shina na miche michanga, lakini kazi yake aachiwe.

Vipande vya mti vinapooza huazima nitrojeni ya udongo kwa muda. Visifukiwe kwenye mashimo ya miche. Viachwe juu, na kando yake ipandwe mbaazi au kunde, mazao ambayo Mtwara na Lindi hawahitaji kufundishwa.

Yapo pia matawi ambayo lazima yaone moto. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaounyausha mti, uliogundulika Mkuranga katika kijiji cha Magawa mwaka 2012, hauchezewi. Bungua wanaotoboa mashina wanaishi ndani ya mti hata baada ya kukatwa. Kuvu wanaokausha ncha za matawi wanaweza kuendelea kuishi kwenye tawi lililokufa. Hapa mkulima anayesema choma yuko sahihi kabisa. Na hapa ndipo wazo la kukusanya matawi ya vijiji kumi na kuyapeleka kwenye kiwanda kimoja linanitia hofu, kwa sababu lori linalobeba magogo linabeba na kilichomo ndani ya magogo. Tumeuhangaikia ubwiri unga zaidi ya miaka 40; tusiulipie nauli ugonjwa mwingine.

Lakini kuchoma kuna namna. Chimba shimo la mfano wa koni, upana kama mita moja na nusu, kina karibu nusu ya upana huo. Washa vitawi vikavu kwa juu, siyo kwa chini. Moto ukishika ongeza tabaka, na kila tabaka likianza kuvaa jivu jeupe ongeza jingine. Mwali ulio juu unakula moshi na kuizuia hewa isifike chini, hivyo kilichoko chini kinageuka mkaa badala ya majivu. Shimo likijaa, zima. Vitabu vinasema zima kwa maji. Makonde maji yamekuwa kazi ya kichwani tangu enzi za mabibi zetu, kwa hiyo zima kwa udongo, ufukie pasibaki tundu, uache upoe kabisa. Mabungua yamekufa, kuvu wamekufa, na umebaki na kile ambacho wataalamu wanakiita bayocha, mkaa wa kurutubishia shamba. Usiumwage hivi hivi. Uchanganye kwanza na samadi ya mbuzi au uuloweke kwenye mkojo wa mifugo, maana ukiingia mtupu utanyonya virutubisho badala ya kuvitoa. Katika mchanga wenye tindikali, mkaa wa namna hii unapunguza ukali wa udongo, unasaidia kushika maji, na unakaa ardhini miaka mingi. Kwa mti wenye ugonjwa sijaona matumizi bora zaidi ya hayo.

Sasa tuje kwa mwenyewe wa pili.

Kuni za kupogoa hazijawahi kulala bure kusini. Mama mwenye shamba anabeba zake. Mjane wa jirani anaomba na anapewa. Anayepika uraka, pombe ya mabibo, mpaka uwe nipa, yaani pombe kali, anajua shamba lipi limepogolewa wiki hii. Ni utaratibu usioandikwa, na umewalinda watu wengi. Tatizo la kuipa kuni bei ni kwamba bei inafika kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Kikundi kikija na mizani, atauza. Mkewe na yule mjane bado watapika jioni ile ile. Watakwenda wapi? Watakwenda msituni, na hesabu ya mradi itaandika kwamba msitu umeokolewa.

Sitaki nieleweke kwamba namtakia mwanamke moshi wa mafiga maisha yake yote. Moshi huo unaharibu macho na mapafu. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na ninaombea ufanikiwe. Lakini kati ya leo na siku mtungi wa gesi utakapojazwa kwa bei ya mwanakijiji wa Nanyamba, kuna chakula cha jioni kila siku. Jiko banifu linalotumia kuni chache za mkorosho zilizokaushwa vizuri ni hatua halali. Kumnyang'anya kuni kabla hujampa mbadala ni kumwongezea safari.

Kuna na hesabu ya joto. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme baada ya vitawi kubaki shambani, kila mkorosho umetoa kilo 30 za kuni kavu. Ekari ya miti 28 ina kilo 840. Tanuri la kufukia kwa udongo hurudisha kiasi cha asilimia 10 mpaka 20 ya uzito. Tukiweka 15, tunapata kilo 126 za mkaa. Kilo moja ya mkaa ina joto karibu maradufu ya kilo ya kuni kavu, lakini hata ukilihesabu hilo, zaidi ya theluthi mbili ya joto lililokuwa ndani ya kuni limepotelea tanurini. Tanuri la Casamance, lenye bomba la moshi, linaweza kufika asilimia 25 au zaidi, na bado hasara ni kubwa. Mkaa una maana pale tu unaposafiri mbali, kwa kuwa ni mwepesi kubeba. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Kwa hiyo tukiuza mkaa wa mikorosho Dar, tunauza kidogo kilichobaki baada ya hasara, na majivu yenye chokaa ya Newala yanamwagwa kwenye dampo la jiji.

Mgala muue na haki yake umpe. Mkaa mbadala una nafasi. Unaweza kutumia mabaki ambayo hayana kazi nyingine, kama mizizi ya miti mikongwe inayong'olewa, na vumbi linalobaki kwenye kila tanuri. Uji wa muhogo wa kugandishia upo, na ni afadhali utokane na maganda na makombo kuliko unga wa ugali. Wateja wa karibu nao wapo: taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilishaelekezwa ziache kuni na mkaa, na shule ya bweni wilayani iko karibu kuliko soko la Dar. Kuna faida nyingine isiyosemwa. Mkaa wa kawaida wa mkorosho na mkaa wa miti ya miombo ukishaingia kwenye gunia ni vigumu kuutofautisha, na mtu anaweza kukata msitu kwa kisingizio cha kupogoa shamba. Mkaa mbadala angalau una umbo lake, japo anayenunua vumbi la mkaa lazima ajue limetoka wapi. Ningependa ujengwe kidogo kidogo, kijijini, kwa mabaki ya mabaki.

Kuhusu soko, tuangalie yaliyowapata wengine. Katika Bonde la San Joaquin, California, penye mashamba makubwa ya lozi, kwa miaka mingi wakulima walipeleka miti iliyong'olewa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuni. Umeme wa vyanzo vingine ukawa rahisi zaidi, mitambo mingi ikafungwa, na malundo yakabaki mikononi mwa mkulima, huku sheria za hewa zikibana uchomaji shambani mpaka karibu kuumaliza mwanzoni mwa 2025. Wengi wakageukia kusaga miti yote na kuirudisha ardhini pale pale ilipoota. Udongo ukashika maji zaidi, ingawa mwanzoni miche ilidai nitrojeni ya ziada. Mashine zao hatuna na hatuzihitaji kwa shamba la ekari tatu. Lakini walioanza na kiwanda walimaliza kwenye udongo, na sisi tunaweza kuanzia walipofikia wao.

Na kazi kwa vijana? Ipo, na naiona mahali pengine kabisa. Kupogoa vizuri ni ufundi. Kukata tawi bila kuchana gome, kujua chipukizi lipi lina ukungu, kukata mti mkongwe kwa kimo sahihi ili uchipue na ubebeshwe kikonyo, yaani kitawi cha kupandikiza, cha aina bora, kutambua mnyauko fuzari mapema, kusafisha panga na msumeno kabla ya kwenda mti wa pili. Wakulima wengi ni wazee na mikorosho yao ni mirefu. Kikundi cha vijana waliofunzwa, wenye msumeno mzuri, wanaolipwa kwa mti, na ambao malipo yao hayakamiliki mpaka vitawi viwe vimelazwa kwenye mistari na matawi ya ugonjwa yamekwenda shimoni, kina soko la uhakika kila Januari. Malipo yao yanatoka kwenye korosho zitakazoongezeka. Mimi nazihesabu korosho hizo kuwa zao la kwanza la kupogoa, na zinauzwa kwenye mnada uliopo tayari.

Vyama vya msingi vinakata makato kwa kila kilo ya korosho inayopita ghalani. Sehemu ndogo ya makato hayo ingetosha kufundisha kikundi kimoja kwa kila chama na kununua misumeno. Hilo linahitaji kujadiliwa kabla ya Januari, kwenye mkutano wa wanachama, siyo kwenye semina ya mjini. Na siku hiyo waitwe na wanawake ambao majina yao hayamo kwenye daftari, kwa sababu wao ndio wanaoweza kusimama na kusema, mwaka huu mzigo wa kuni ulitoka shamba la nani, na mwaka jana ulitoka kwa nani.